Barua kwa mwanangu: hilo "bene" usilimeze

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama huyo kijana wa Bergamo, kule Italia, anakupenda kweli, kwa kuwa kila usiku anakuandikia "ti voglio bene" na hajaandika "ti amo". La moyo wake lingoje. Nianze na maneno.

Kiswahili chetu kimekuponza hapa, maana "nakupenda" hiyo hiyo tunampa mume, mtoto, shangazi, na pilau tunaipenda vile vile. Mwitaliano amegawa. "Ti amo" ni ya wapenzi. Ukimwambia shoga yako atashtuka. "Ti voglio bene" ni ya mama, ndugu, rafiki wa chanda na pete, na wapenzi pia; kwenye simu huifupisha TVB. Chakula ni "mi piace", na hapo Kiswahili kinakuokoa: usiwaze "napenda", waza "kinanipendeza". Embe linanipendeza, mi piace il mango. Maembe yananipendeza, mi piacciono i manghi. Ukisema "io piaccio" umejisifu kuwa watu wanakupenda. Ndiyo maana sichoki kukwambia: pitia Kiswahili, usipitie Kiingereza. Ho fame, nina njaa. Ho sete, nina kiu. Ho 30 anni, nina miaka 30, na hiyo n ikazie, kwani "ano" yenye n moja ni mahali pa mwilini pa kutajiwa daktari tu.

Sasa hilo "bene". Ti voglio bene ni kumtakia mtu mema. Ukilimeza "bene" inabaki "ti voglio", nakutaka, ile ya chumbani. Unakumbuka marehemu baba yako na kapu lake la kamba pale ufukweni Malindi. Alimwambia yule bibi kizee wa Kitaliano, mteja wake, "ti voglio!" mbele ya mumewe, mkono kifuani, kwa heshima zake zote. Yule mzee alicheka mpaka akakaa mchangani. Mimi sikucheka. Mimi hakuwahi kuniambia hata moja kati ya hizo, kwa lugha yoyote.

Kosa jingine: volere bene, ndicho kitenzi cha hiyo "voglio bene", hudai "a" kabla ya anayetajwa. Nampenda mama yangu ni amo mia madre, lakini voglio bene a mia madre. Kwa hiyo ukimtaja mwanamke ni "le voglio bene", si "la", mwanamume, "gli".

Haya, kijana. Angeandika "ti amo" wiki ya pili ningeogopa zaidi. Lakini miezi minane, mama... hapana, simhukumu. Baba yako hakulitamka, na kamba wakubwa walikuja jikoni kwangu kabla ya wateja. Ila baba yako hakuwa mtu wa kuandika, na huyu anaandika kila usiku, neno analiona. Ulimi unaniwasha, nauuma.

Leo akikuandikia, mjibu "anch'io", yaani nami pia, peke yake, kisha utazame. Usiandike "anche a me". Hiyo ni ya kujibu "mi piace", utakuwa unazungumzia maembe.

Mama yako