Nambari ya Ulaya Ndiyo Iliyopandisha Bei

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nne, na kila mara nimekasirishwa na neno jingine. Umeandika kwamba pale Majengo watu wanasema nimenunua nyumba Brussels, kwamba aliyefika Ulaya amekwisha kuiaga vita, na kwamba ikiwa bado ninajali ukoo nikutumie dola 7,000 za safari ili nawe utoke Goma, utoke Kongo kabisa. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini najua ningekufokea kisha ningelia, na yote mawili yasingekusaidia. Ndiyo maana ninakuandikia. Wasomee na wengine nyumbani, hata mama, ingawa baadhi ya mambo haya hatapenda kuyasikia.

Nyumba sina. Nina chumba kimoja mahali ambapo jiko tunalitumia watu watano, na kazi yangu ni kusafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Habari za baridi na za kusubiri karatasi mmezisikia kwa kila aliyewahi kufika huku, kwa hiyo ninaziacha. Neno lililonichoma ni hilo la kuiaga vita, kwa sababu kuna jambo nimelificha tangu mwaka 2019, nanyi mmekuwa mkinishukuru kwa jambo hilohilo.

Unakumbuka kaka mkubwa alipotekwa. Ulikuwa msimu wa kuvuna maharagwe, naye alikuwa shambani, upande wa barabara ya Nyamilima, pamoja na kijana wa pikipiki aliyekuja kubeba magunia na mzee mmoja wa shamba la jirani. Walifungwa vitambaa machoni na kutembezwa ndani ya Hifadhi ya Virunga hadi usiku. Kwa siku mbili za kwanza watekaji walizungumza na baba mdogo, ambaye amezeeka akipatana bei za magunia katika soko la Kiwanja, na kwa subira yake ile aliwashusha kutoka dola 3,000 hadi dola 800. Hakuwadanganya. Aliwaambia waje waitazame nyumba yetu, mbao zake, mabati yake yenye kutu na mbuzi wawili, kisha wamwambie ni wapi dola 3,000 zingetoka.

Mimi niliona anachelewa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, niko ghorofa ya sita, maji ya ndoo yamekwisha kupoa, na picha ya kaka akiwa amefungwa mikono haikutoka mbele ya macho yangu. Nikamwomba shangazi anipe nambari waliyokuwa wakiitumia, nikapiga mwenyewe bila kumuuliza baba mdogo. Simu yangu iliingia kwao na nambari inayoanza na 32. Aliyepokea hakuniuliza jina langu. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwita mwenzake kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani: "Njoo, huyu ni wa Bulaya." Kisha akaniambia, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwamba mazungumzo na mzee yamekwisha na kwamba sasa wanataka dola 12,000.

Kijana wa pikipiki aliachiliwa siku ya tatu kwa dola 200 zilizochangwa na madereva wenzake. Kaka mkubwa alikaa porini siku kumi na moja, na tulilipa dola 4,200. Siku nane alizozidi, na miguu iliyovimba hata leo haivai viatu vilivyofungwa, vilitokana na simu yangu ya dakika nne. Mama aliniombea misa ya shukrani. Baba mdogo alijua, wala hajawahi kulisema mbele ya mtu, na heshima hiyo aliyonihifadhia inanilemea kuliko deni lenyewe.

Lakini nisipokuambia habari za yule mzee nitakuwa nimekudanganya tena. Mzee hakurudi. Watoto wake hawakuwa na mtu nje, hawakuwa na pa kukopa, na simu ikaacha kulia. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba fedha za Ulaya ni laana, wala siwezi kukuambia kwamba ni wokovu, kwa maana katika wiki zilezile na pori lilelile zilimwongezea kaka yetu mateso na zikamrudisha akiwa hai.

Unauliza walikuwa kundi gani. Nilipoomba hifadhi huku, afisa aliyenihoji aliniuliza swali hilohilo kuhusu watu walionifukuza mimi, akalirudia kwa namna nyingi, na niliposema sijui ikaandikwa kwamba maelezo yangu hayana uhakika. Wewe uliyekulia Rutshuru unajua kwa nini mtu hawezi kujua. Anaweza kuwa wa FDLR, wale waasi wa Kinyarwanda, anaweza kuwa mwanamgambo wa Nyatura au Mai-Mai, anaweza kuwa askari wa leta, yaani wa serikali, asiyelipwa ambaye amevua sare kwa usiku mmoja, na anaweza kuwa jirani anayejua siku ambayo mtoto wako hulipa karo. Mwaka 2015, mwaka nilioondoka, watetezi wa haki za binadamu walihesabu katika mashariki yetu watu wasiopungua 175 waliotekwa kwa ajili ya fidia, wengi wao katika Rutshuru, na hao ni wale tu waliojulikana. Magari yalikuwa yakivuka mbuga kutoka Mabenga kwenda Kanyabayonga kwa msafara wenye askari, na wakulima waliacha mashamba ya mbali yaote majani, ndiyo maana maharagwe yalipanda bei katika nchi ambayo udongo wake haujui kunyima.

Kijana aliyezaliwa kwetu mwaka 1996, mwaka ambao kadogo, askari watoto wa waasi wa AFDL, walipita na bunduki zilizowazidi kimo, leo ana umri wa kuwa na watoto, na tangu alipopata akili ameona somo moja likirudiwa. Mwaka 2009 waasi wa CNDP walitia saini mapatano ya tarehe 23 Machi, wakapewa sare na vyeo vya jeshi. Mwaka 2012 baadhi yao waliasi tena kwa jina la tarehe hiyo, M23, na kuiteka Goma. Mwaka 2013 walishindwa, mwishoni mwa 2021 wakarudi, na Januari 2025 mji ukawa wao tena. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Kivu Kaskazini na Ituri, magavana wakawa wanajeshi, na bado wakulima waliendelea kutekwa. Kila mara aliyeshika bunduki alialikwa mezani, na aliyeshika jembe alihesabiwa kambini. Kijana huyo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba bunduki ni kazi. Alitozwa jetoni, tiketi ya kodi, ili apite kwenda shambani, alipigishwa salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo, ya wenye silaha, kisha akajua kwamba kuna kazi moja tu ambayo mwenye nayo hatozwi. Sisi tulio nje tumekuwa fungu la mshahara wa kazi hiyo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dola zile nilizitoa katika likelemba, mchango wa zamu, ya wafanyakazi wenzangu na kwa watu wawili waliokuwa wakinitoza faida. Nilimaliza kulipa deni hilo Juni 2022. Tarehe 13 ya mwezi huohuo Bunagana ilichukuliwa, ndugu zetu wa kule wakavuka kwenda Kisoro nchini Uganda bila hata blanketi, na michango ikaanza upya. Wiki moja baadaye, tarehe 20, Ubelgiji ilikabidhi hapa Brussels jino la Patrice Lumumba kwa familia yake, miaka 61 baada ya kuuawa. Niliitazama sherehe hiyo kwenye simu nikiwa kazini, na juu ya picha ya jeneza ujumbe wa mama mdogo ukawa unaingia mmoja baada ya mwingine: wako wangapi, nani ameachwa nyuma, ni kiasi gani kinahitajika. Sikujua niomboleze lipi kwanza.

Sasa sikiliza. Usimwambie mtu yeyote kwamba una ndugu Ulaya. Ukiulizwa, sema nilikwenda Kampala na hamjui niliko. Ile picha yangu mbele ya gari jekundu, ambayo umeiweka ili marafiki wako waione, iondoe leo. Gari si langu. Nilisimama hapo kwa sababu nilitaka mama afurahi, na sasa naona kwamba nilikuwa ninawaandikia watekaji barua ya utambulisho.

Unapokwenda kuchukua fedha Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, kwa kuwa benki za Goma zilifungwa tangu mji ulipochukuliwa, usiende siku ileile nilipotuma, usiende na watu wawili, na usinunue chochote njiani. Mtu anayerudi kutoka mpakani na mkate na sukari ameshajulikana mfukoni mwake kuna nini.

Mama, ninajua unataka kurudi Kiwanja na kuezeka nyumba upya. Uliikimbia Oktoba 2022, ukalala chini ya turubai Kanyaruchinya, na kambi zilipovunjwa Februari 2025 ukaingia katika vyumba viwili vya Majengo ambavyo havikutoshi. Ninakusihi usiweke mabati mapya. Mabati yanayong'aa yanaonekana kutoka barabarani, na kila anayepita atajiuliza nani ameyalipia. Nimeandika hivyo, kisha nimekumbuka mvua ya Machi na kifua chako, na siwezi kuwa mtoto anayemwomba mama yake alale chini ya paa linalovuja ili maadui wasimwone. Ukirudi, ezeka. Anza na upande wa nyuma.

Na wewe uliyetaja dola 7,000, jibu langu ni hapana. Watu wanaokuahidi kukufikisha baharini hupitisha vijana Libya, na huko wapo watu wanaowafungia vijana katika nyumba na kuwapigia ndugu zao simu wasikie mtoto wao akipigwa. Simu hiyo ninaijua. Nimeisikia ikitoka Virunga na sitaki kuipokea ikitoka jangwani kwa fedha ambazo mimi mwenyewe nimezituma. Ukipata masomo yenye karatasi halali, hata nchi usiyoipenda, kimbia usiniulize, na yale yote niliyosema kuhusu huku uyasahau, kwa sababu pamoja na ndoo zangu na chumba changu, usiku ninalala nikiwa nimevua viatu. Hilo ni kubwa. Sitalikana ili nionekane ninateseka kuliko ninyi.

Ulidokeza pia kwamba kama si safari, basi utawafuata wenzako waliokwenda kwa Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23. Ninaelewa hasira yako, na simdharau kijana anayetaka kuilinda ardhi yake. Lakini hao wenzako hawana mshahara, na bunduki isiyolipwa hula mahali ilipo. Sitaki siku moja mkulima wa Tongo au wa Bambo aisikie sauti yako upande wa pili wa simu. Nilisema nisingekufokea na hapa nimekufokea, nisamehe. Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni Novemba 2008, watu walipouawa Kiwanja nasi tukajificha shambani kwa shangazi, ukiwa mdogo hata hukujua kwa nini nilikuziba mdomo.

Mtu wa nyumbani akitekwa tena, Mungu apishe mbali, mwacheni baba mdogo azungumze peke yake. Msinipigie. Msinipe nambari yao hata nikiwaapiza, kwa kuwa ninajijua, nitaipiga. Tumeni mtu mmoja anitajie kiasi tu baada ya mzee kukifikisha chini kabisa, nami nitatafuta. Wapo wanaosema anayelipa fidia ananunua risasi za kesho, nao wanasema kweli. Nililipa, na nitalipa tena. Hata hivyo, usiku huo mkishindwa kabisa kuvumilia, nipigieni saa yoyote, ili nisikae huku nikifuta vioo vya watu bila kujua kwamba mnalia.

Karo ya binti wa kaka mkubwa nitaigawa mara tatu. Fungu la kwanza litafika Ijumaa kwa jina la shangazi, la pili wiki inayofuata kwa jina la mke wa baba mdogo, na la tatu litatangulia kupita kwa rafiki yangu aliye Kigali. Usiulize katika kundi la ukoo kama zimefika. Nitumie picha ya risiti ya shule, kisha uifute.