Kuuza Landrover 109 Iliyo Juu ya Mawe

Mnunuzi akiizunguka Landrover yako mara mbili, akachungulia maboksi ya spea, kisha akataja bei inayokaribiana na ya skrepa, si lazima awe anakudharau. Anaona injini iko chini, milango imeegemezwa ukutani na nati zimejaa kopo la rangi, wala hajui kipi kimepotea. Kila asichokijua anakihesabu kibovu, na ana haki. Kazi ya muuzaji ni kupunguza hayo yasiyojulikana kabla tangazo halijatoka. Hapa tunazungumzia 109 (yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ya Series III, toleo la tatu, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Mengi yatamfaa pia mwenye Land Cruiser ya zamani au Peugeot 504 iliyoishia njiani.

Kabla hujashika spana, shika kadi ya usajili wa gari. Linganisha namba ya chasisi iliyoandikwa pale na ile iliyogongwa kwenye chuma, upande wa mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Sehemu hiyo hushambuliwa sana na kutu, na wapo mafundi ambao wakishachomelea kiraka hupitisha grenda juu ya namba bila kujua wamefuta nini. Safisha kwa brashi ya waya ya mkono, sugua chaki juu yake ili tarakimu zijitokeze, piga picha. Kama kuna kuchomelea kulikobaki eneo hilo, acha mnunuzi aione namba kwanza.

Kisha namba ya injini. Zipo 109 nyingi zilizong'olewa injini yake ya lita 2.25 zikafungwa ya Toyota au Nissan. Hilo si kosa, lakini kama kadi bado inataja injini ya zamani, rekebisha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wewe mwenyewe, kwa jina lako, kabla ya kuuza. Ukimwachia mnunuzi, atakata bei kuliko gharama halisi ya usumbufu huo. Gari lililotoka serikalini kwa mnada, au lililokuwa la mradi wa wafadhili lenye namba za DFP, linahitaji hati za mnada na ushahidi kwamba kodi ililipwa. Lililoingia kwa msamaha wa kodi halihamishwi jina hadi kodi hiyo imalizwe. Na kama kadi ina jina la marehemu baba au babu, kikao cha ndugu hakitoshi, hata wote wakisaini. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndipo mauziano mengi ya magari ya zamani yanapovunjika, huku mnunuzi akiwa tayari na fedha mkononi.

Sasa lala chini ya gari. Chasisi ya 109 ni mabati ya chuma yaliyochomelewa yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia na kukaa humo, kutu huanzia ndani, na siku ikijitokeza nje kazi imeshakwisha. Ndiyo maana chasisi inaweza kung'aa kwa rangi nyeusi huku bisibisi inazama. Chukua nyundo ndogo, gonga kila baada ya sentimita kumi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na ukisikiliza vizuri utasikia magamba ya kutu yakidondoka ndani. Usiharakishe kwenye boriti ya nyuma kabisa, kwenye mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, kwenye vishikio vya springi na kwenye ncha mbili za mbele. Panda juu ukague ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, hasa pale miguu inapokanyaga na kwenye nguzo za bawaba za milango. Kila penye ubovu zungushia chaki, weka rula, piga picha.

Mnunuzi anayeijua Landrover atakuja na nyundo yake. Akikuta alama zako za chaki ziko pale pale anapopatilia shaka, hoja ya kutu imefungwa na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Akigundua tundu moja ulilolificha, hataamini tena neno lako lolote, hata lile la kweli kuhusu gia boksi.

Bodi ni suala jingine. Mabati yake mengi ni aluminiamu ya mchanganyiko iitwayo Birmabright, ambayo haipati kutu kama chuma. Lakini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Magari yaliyolala Msasani, Kunduchi au Kigamboni jijini Dar es Salaam, kwenye upepo wa bahari, huonyesha hilo waziwazi: unga mweupe chini ya rangi iliyovimba, kwenye mpaka wa mlango na fremu yake, na kila palipo na bolti ya chuma. Kwangua vimbe mbili tatu ili mnunuzi aone ulaji umefika wapi. Turubai lililolalia bodi moja kwa moja linazidisha tatizo, maana jasho la usiku halina pa kutokea. Liinue kwa fito ili hewa ipite, hasa wakati wa masika.

Injini inataka jibu moja kubwa: inazunguka au imeshika? Ya petroli ikiwa bado imefungwa na plagi zote nne ziko mahali pake, chomeka hendeli kwa mbele, weka gia huru, zungusha taratibu mizunguko miwili kamili. Utahisi ukinzani mara nne, mmoja kwa kila silinda. Ukinzani mmoja ukiwa mlaini kuliko mingine, kuna valvu isiyokaa vizuri au ringi zilizochoka. Ya dizeli ni nzito mno kwa hendeli. Hiyo zungusha kwa stata na betri nzuri. Kama injini imeshika, toa plagi, mimina vijiko viwili vya mafuta ya gia boksi ya otomatiki kwenye kila tundu, acha siku mbili tatu, kisha ijaribu mbele na nyuma kwa hatua ndogo. Kuliweka gari gia na kulivuta kwa kamba ili injini iachie ni njia ya kuvunja ringi na kupinda fimbo za pistoni. Ikikataa, iandike kwenye tangazo kwamba imeshika. Bei itashuka, lakini atakayekuja atakuja akijua.

Kama inawaka, iwashe mbele ya mnunuzi ikiwa baridi kabisa. Ukiipasha moto kabla hajafika, atagusa rejeta na kujiuliza unaficha nini. Petroli ya miaka miwili imwage yote, fungua na usafishe kabureta, maana utando wa petroli iliyochacha huziba vitundu vyake na injini nzima ikaonekana mbovu. Klachi iliyokaa muda mrefu kwenye unyevu hugandia flaiwili: ukikanyaga, gia hazitaki kuingia. Taja hilo pia. Mara nyingi huachia, lakini usiahidi.

Maboksi ya spea ndipo fedha yako ilipolala, na ndipo inapopotelea. Chukua daftari, gawa gari kwa sehemu: injini, gia boksi na transifa (boksi linalogawia ekseli nguvu), ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, breki, usukani, umeme, bodi, ndani. Kila kitu kiandikwe kipo na kizima, kipo na kibovu, au hakipo. Nati na bolti za kila sehemu ziweke kwenye kopo lake lenye mfuniko, zimwagie mafuta kidogo, bandika jina juu. Gari hili lina bolti nyingi za inchi, na mafundi waliozoea Toyota huzifungua kwa spana za milimita. Spana ya 13 huingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini inacheza kidogo, na kona za bolti zinaliwa. Bolti ikipotea, mtu analazimishia ya milimita, na uzi wa ndani unakufa. Kopo la bolti za asili lenye jina lililoandikwa vizuri huwafurahisha wanunuzi kuliko taa mpya.

Vipande vikubwa, kama gia boksi au difu, mtu anaweza kuvihangaikia Ilala au Gerezani akapata, au akapewa namba ya mtu wa Arusha. Vinavyomchosha ni vile vidogo vya gari hilo tu: vitasa, reli za vioo, saa za dashibodi, hendeli yenyewe. Vitafute kabla ya tangazo. Uliza fundi wa kwanza aliyelifungua gari, maana si ajabu viko kwenye droo yake.

Ukishamaliza kuhesabu, rudisha gari lionekane gari. Milango, boneti na mabawa yashikizwe kwa bolti mbili tatu tu, hata kama yatafunguliwa tena. Lishushe kutoka kwenye mawe, lisimame kwenye tairi zenye upepo hata kama zimeisha, liweze kusukumwa na watu wanne. Gari linalosukumika lina wanunuzi wengi kuliko lililotawanyika, kwa sababu chuma ni kilekile lakini mtu anaona mwisho wa kazi. Rangi mpya usipige, wala usipake pate juu ya matundu. Fedha hiyo hairudi, na rangi mbichi kwenye mradi usiokwisha inatia shaka kuliko kutu iliyo wazi.

Bei isitoke kwenye risiti zako. Ulichotumia ni chako. Anza na bei ya 109 iliyokamilika na inayotembea, ya hali ambayo hii ingefikia. Toa gharama ya spea na ufundi uliobaki, toa theluthi nyingine ya gharama hiyo kwa yale yatakayojitokeza kazi ikianza, kisha umwachie mnunuzi kitu kwa taabu yake. Kwa mfano tu: iliyokamilika milioni 18, kazi iliyobaki milioni 8.4, theluthi yake milioni 2.8, taabu milioni 1. Unabaki na milioni 5.8, na hapo ndipo mazungumzo yazunguke. Ukiona hesabu inaangukia chini ya bei ya kuuza vipande kimoja kimoja, fikiria kuuza vipande, ila chasisi na kadi viende pamoja kwa mtu mmoja. Kadi isiyo na gari ikizagaa mjini inatafutiwa gari la wizi, na jina lililomo ni lako.

Kwenye tangazo tanguliza hali ya kadi, chasisi na injini, kisha orodha ya visivyokuwepo. Weka picha za mchana, za chini ya gari, za makopo yakiwa yamepangwa, na ukurasa wa daftari. Dalali anasaidia, hasa kama ana watu wa Arusha na Karatu ambako Landrover bado inapendwa kwa dhati. Ila mkubaliane udalali kwa maandishi na bei atakayoitangaza, la sivyo ataweka cha juu kikubwa, gari likae miezi, na wanunuzi waamini wewe ndiye mwenye tamaa.

Siku ya kulipana, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja kwamba gari linauzwa kama lilivyo, halijakamilika, na orodha ya daftari iambatanishwe ikiwa na saini za wote wawili kila ukurasa. Malipo yapite benki. Angalia kama gari lina deni la faini za barabarani, lilipwe. Gari lipakiwe kwenye brekidauni ya kubeba mgongoni. La breki mbovu lisivutwe kwa kamba Barabara ya Mandela. Kama hakuna njia ila kulivuta, weka gia na transifa huru na ufungue propela zote mbili, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli. Uhamisho wa jina TRA ufanywe na nyote wawili, mnunuzi akiwa na TIN yake, na usikubali kuambiwa atabadilisha gari likishapona. Hadi jina litakapobadilika, tunza nakala ya mkataba na ya kitambulisho chake, kwa sababu likipatikana na jambo barabarani, simu ya kwanza itapigwa kwako.