Kula ukiwa na ileostomi: tui ndiyo, machicha hapana

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji na chumvi. Ukiondolewa, au ukipumzishwa baada ya upasuaji, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba hutolewa nje ya tumbo, mara nyingi upande wa kulia chini ya kitovu. Hiyo ndiyo ileostomi. Tundu lake huitwa stoma, na juu yake hubandikwa mfuko. Kinachoingia kwenye mfuko basi ni chakula ambacho hakijakaushwa: laini kama uji na kimebeba chumvi nyingi. Kwa hiyo kila chakula unakiuliza maswali mawili tu. Kitapita kwenye tundu? Na kitaniachia maji na chumvi kiasi gani? Karatasi nyingi za ushauri ziliandikwa Ulaya. Zinakukataza seleri, na hazina neno juu ya makande.

Wiki 6 hadi 8 za mwanzo utumbo bado umevimba na njia ni nyembamba, kwa hiyo usibishane nao. Kula wali mweupe ulioiva ukalainika, ugali wa sembe na si dona, viazi vilivyomenywa na kupondwa, ndizi mbivu, mkate mweupe, mayai, samaki aliyetolewa miiba, nyama ya kusaga. Milo midogo 5 au 6 kwa siku hupita vizuri kuliko sahani 2 zilizojaa. Baada ya hapo ongeza chakula kipya kimoja kimoja: vijiko 2 vya kulia, wakati wa mchana, kisha ngoja siku 2 au 3 kabla ya kuleta kingine. Mchana, kwa sababu kikileta matata yakukute uko macho na watu wako karibu. Chakula kilichokusumbua leo usikifute maisha. Kijaribu tena baada ya wiki kadhaa, kwa kiasi kidogo zaidi.

Tunaoishi na mfuko tunajua kwamba mara nyingi shida haiko kwenye chakula chenyewe, iko kwenye nyuzi na maganda yake. Nazi ni mfano mzuri. Tui lililochujwa vizuri ni majimaji na mafuta, halizibi kitu, ingawa likiwa zito sana huwalegeza baadhi ya watu. Machicha, vipande vya nazi na kashata ni nyuzi tupu ambazo utumbo hauwezi kuzisaga. Muhogo nao unalika, ila upasue kwa urefu ukishaiva, utoe ule ujiti mgumu wa katikati wote, halafu uponde. Ujiti huo ukimezwa hutoka kama ulivyoingia, au hautoki. Mchicha chuma majani peke yake, mashina yaache. Katakata, pika mpaka ulainike. Kisamvu kiwe kimetwangwa sawasawa, na uanze na vijiko vichache. Maharage yaloweke usiku kucha, yachemshe mpaka yapasuke, kisha yaponde na kuyapitisha kwenye chujio: rojo lake kula, maganda yaliyobaki kwenye chujio tupa. Nyanya itumbukize kwenye maji ya moto, ganda litoke lenyewe. Chungwa nyonya maji yake, makapi tema. Embe chagua lisilo na nyuzi. Karanga zilizosagwa laini ndani ya mboga hazina neno. Karanga nzima, korosho na uyoga viache vije mwishoni.

Mahindi ndiyo yanayoongoza kwa ubaya. Ganda la punje haliyeyuki, na punje zikikutana hujifunga pamoja kama donge. Makande, mahindi ya kuchoma na bisi yawe ya mwisho kabisa kwenye orodha yako, na wengine tunaona ni salama zaidi kuyaacha moja kwa moja. Pweza na mishikaki migumu kata vipande vidogo kama ukucha. Chochote unachokula, tafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Meno yanafanya kazi ambayo hakuna wa kuyasaidia huko mbele.

Sasa maji, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Mfuko ukijaa majimaji, ndugu wanakuhimiza unywe maji mengi, chai, juisi, soda. Maji matupu yakiwa mengi huvuta chumvi ya mwili ndani ya utumbo na kutoka nayo. Soda na juisi kwa wingi wa sukari huvuta maji. Matokeo yake unakunywa zaidi, mfuko unajaa zaidi, na mwili unazidi kukauka. Sukari kidogo pamoja na chumvi kidogo ndiyo inayofungua mlango wa utumbo maji yapite kuingia mwilini. Ukiwa na pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usizidishe wala usipunguze. Usipokuwa nazo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Koroga, onja: isiwe na chumvi kuzidi machozi. Kunywa kidogo kidogo siku nzima, na inayobaki baada ya saa 24 mwaga. Supu ya mifupa yenye chumvi inasaidia pia. Madafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni ndogo, hivyo hayachukui nafasi ya ORS.

Pima. Tenga jagi moja lenye alama, liwe la kazi hiyo tu, umwagie humo kilichomo mfukoni kabla ya kukitupa chooni, uandike kwa siku 2. Ileostomi iliyotulia hutoa kama mililita 500 hadi 800 kwa siku. Ikizidi lita 1 na nusu, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, kichwa kikizunguka unapoinuka, misuli ikikaza, usingoje kesho, nenda hospitali. Wakati huo vinywaji vya kawaida visizidi lita 1 kwa siku, vingine vyote viwe ORS. Wali, ugali wa sembe, viazi, ndizi mbivu na mkate hukaza kinachotoka. Kuongeza chumvi kwenye chakula huwafaa wengi wetu, ila mwenye presha au ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Gesi huletwa na maharage, kabichi, vitunguu, soda, bia na kuongea huku unatafuna. Kutokula kabisa kwa sababu una safari hakuukaushi mfuko: utumbo mtupu hutoa majimaji na gesi. Kula kidogo, vitu vikavu. Bitiruti itageuza mfuko mwekundu na vidonge vya madini ya chuma vitaufanya mweusi, usiogope. Mlo wa mwisho uwe saa 12 jioni au saa 1 usiku ili upunguze kuamka kumwaga, na mwaga mfuko ukifika theluthi, kabla uzito haujaung'oa.

Stoma ikiziba utaijua. Kinachotoka kinakatika ghafla, au yanakuja majimaji membamba yenye harufu kali yanayopenya pembeni ya donge. Tumbo linasokota kwa mawimbi na kujaa, stoma inavimba na kupauka. Acha chakula kigumu papo hapo. Vua mfuko, weka wenye tundu lililokatwa pana zaidi, maana stoma iliyovimba hubanwa na tundu la kawaida. Kama hutapiki, kunywa chai ya vuguvugu kwa mafunda madogo. Oga maji ya moto kiasi, lala chali ukunje magoti kifuani, geuka upande huu na upande huu, sugua taratibu kuizunguka stoma. Usinywe dawa ya kukufanya uharishe hata kidogo. Ukianza kutapika, au saa 4 hadi 6 zikapita bila kitu kutoka, nenda hospitali bila kungoja. Ukifika sema wazi: "Hii ni ileostomi, si kolostomi." Wahudumu huzichanganya hizi mbili (kolostomi ni ile ya utumbo mpana), na dawa ya kulainisha choo inayomsaidia wa kolostomi inaweza kukukausha wewe kwa siku moja. Sentensi hiyo iandike kwenye karatasi, ikae kwenye pochi pamoja na mfuko wa akiba.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mazungumzo na daktari kabla haujaandama. Ambaye stoma yake hutoa majimaji mengi anaweza kukauka kabla ya alasiri, na Qur'ani imempa mgonjwa rukhsa. Anayeruhusiwa kufunga aweke ORS kwenye daku na kwenye futari, asivunje swaumu kwa glasi 3 za juisi baridi.

Kuhusu dawa, mwambie mfamasia kila mara kwamba una ileostomi. Vidonge vinavyoyeyuka polepole, au vyenye ganda gumu, vinaweza kupita vizima bila kufanya kazi. Ukikiona kidonge kwenye mfuko, kumbuka ni kipi na ulikinywa saa ngapi, urudi kuomba cha maji au cha kuyeyuka haraka. Loperamide, ambayo hupunguza mwendo wa utumbo, hunywewa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kwa kipimo atakachokupangia daktari. Na muulize daktari wa upasuaji ni sentimita ngapi za mwisho wa utumbo mwembamba zilizokatwa: hapo ndipo vitamini B12 hufyonzwa, na kama sehemu kubwa imeondoka utahitaji sindano zake.