Gari la Taka Linaacha Nusu ya Mtaa

SWALI: Mtaa wetu Temeke una kaya 600. Gari la tani 7 huja Jumatatu tu, hujaa katikati ya mtaa. Tufanyeje?

JIBU: Kadirieni nusu kilo kwa mtu kwa siku. Kaya za watu wanne zitatoa kilo 1,200 kwa siku, yaani tani 8.4 kwa wiki. Ombeni Jumatatu na Alhamisi. Mzigo mkubwa utakuwa tani 4.8, wa siku nne. Lakini pimeni bodi ya gari, yaani sehemu ya kubebea mzigo! Taka zisizoshindiliwa huwa takriban kilo 300 kwa mita ya ujazo, hivyo zinahitaji mita 16 za ujazo. Bodi hujaa kabla ya uzito kutimia. Chupa za plastiki zitengwe nyumbani, kavu, ziuzwe kwa wanunuzi: ni nyepesi ila hula nafasi mno.