Kwa nini jiwe la chokaa huacha kutoa mapovu ndani ya asidi salfuriki

Ndugu, umeuliza kwa nini kipande chako cha jiwe la chokaa kilitoa mapovu kwa muda mfupi tu ndani ya asidi salfuriki, ilhali katika asidi haidrokloriki kiliyeyuka chote. Asidi yako haikuisha nguvu. Jiwe hilo ni kalsiamu kabonati, na asidi zote mbili huivunja na kutoa maji, gesi ya kabonidayoksaidi na chumvi ya kalsiamu. Tofauti imo katika chumvi hiyo. Kloridi ya kalsiamu huyeyuka upesi majini, hivyo uso wa jiwe hubaki wazi, lakini salfeti ya kalsiamu, ambayo ndiyo jasi, huyeyuka kiasi cha gramu 2 hivi tu katika lita moja, nayo hugandama juu ya jiwe kama utando unaoizuia asidi kulifikia. Ndiyo maana hata siki, ambayo ni asidi dhaifu, huendelea kulila jiwe polepole, kwa kuwa chumvi inayotokana nayo, asetati ya kalsiamu, huyeyuka majini.

Ukirudia jaribio, lisage jiwe liwe unga, utaona mapovu mengi zaidi. Nakusihi pia: unapozimua asidi salfuriki, mimina asidi kidogo kidogo kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi.