Magitaa ya Zamani: Tununue Lipi, Tukague Nini?

Maswali ya safari hii yanahusu magitaa ya umeme yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, kwa wasomaji wanaotaka kuyapiga, si kuyatundika ukutani.

Wahariri, shikamooni. Napiga ridhimu, na mara nyingine solo, katika bendi ya dansi. Nataka nijikusanyie polepole magitaa matatu au manne ya zamani. Nianze na yapi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba, kijana wetu. Anza na sauti unazozikosa jukwaani, majina yaje baadaye. Ukinunua Stratocaster mbili kwa sababu rangi zake zinapendeza, una gitaa moja tu.

Yanayobadilisha sauti zaidi ni urefu wa uzi na aina ya pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi. Telecaster na Stratocaster za kampuni ya Fender ya Marekani zina urefu wa milimita 648 na pikapu za koili moja. Nyuzi hukaza na sauti hupenya hata trampeti zikiwa zimeamka, ndiyo maana hufaa ridhimu. Magitaa mengi ya mshindani wake, Gibson, yana urefu wa milimita 628 hivi, na kuanzia 1957 yalifungwa hambaka, pikapu ya koili mbili inayoua mvumo wa umeme. Nyuzi ni laini zaidi na sauti ni nene. La tatu liwe na uwazi ndani ya mwili, la aina ya ES-335 ya Gibson iliyotoka 1958. Ukishakuwa na hayo matatu, la nne utalijua mwenyewe.

Sasa bei. Fender za kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na CBS, shirika la utangazaji, mwaka 1965, na Les Paul za Gibson za 1958 hadi 1960, ziache kwa matajiri: Les Paul moja ya 1959 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mpigaji ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ni magitaa ya Japani ya takriban 1977 hadi 1985: Greco, Tokai, Aria Pro II, Yamaha SG2000, na Squier zenye namba inayoanza na JV, za 1982 hadi 1984. Ya pili ni gitaa halisi la Marekani lililokwisha kuguswa, yaani lililopakwa rangi upya au kubadilishwa funguo za kutyuni. Rangi mpya pekee huweza kushusha bei karibu nusu, lakini mbao na pikapu ni zilezile. Hapo ndipo tungeweka fedha zetu.

Jambo moja la kukutuliza. Fender za zamani zina ubao wa vidole uliopinda sana kwa upana wake. Ukishusha nyuzi mno kisha ukauvuta uzi pembeni kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza ubao) za juu, sauti hukatika. Dawa ni kuacha milimita 1.8 hadi 2 juu ya freti ya 12. Solo ya dansi hutembea kwa noti mbilimbili zaidi ya kuvuta nyuzi, kwa hiyo kasoro hiyo itakusumbua kidogo kuliko mpiga bluzi.

Nimeonyeshwa Stratocaster, muuzaji anasema ni ya 1966. Nitathibitishaje? – Msomaji, Nairobi

Usiiamini namba ya kwenye bamba la nyuma peke yake. Bamba lile hushikwa na skrubu nne tu, na linaweza kuhamishwa kutoka gitaa moja hadi jingine kwa dakika tano. Mwombe muuzaji ruhusa ya kulifungua gitaa. Akikataa, nawe kataa.

Kwanza tazama bila kufungua. Gitaa la 1966 lina kichwa kikubwa na skrubu nne za shingo. Ukiona tatu, shingo hiyo ni ya 1971 au baadaye. Kisha legeza nyuzi, toa skrubu 11 za bamba la mbele na uligeuze taratibu bila kuvuta nyaya. Kwenye kila volyumu na toni kuna namba iliyogongwa. Ikiwa ni 1376614, basi 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka, na 14 ni wiki. Ikianza na 304, ni kiwanda cha Stackpole. Lakini kumbuka kwamba Fender walinunua shehena kubwa ya vipuri hivyo mwaka 1966 wakaendelea kuvitumia kwa miaka kadhaa. Namba hiyo inakuambia gitaa *halikutengenezwa kabla* ya wiki ile. Haikuambii lilitengenezwa lini. Tarehe iliyogongwa kwenye kitako cha shingo ndiyo itakayokamilisha ushahidi.

Itazame na risasi ya kulehemu. Ya zamani imefifia, rangi ya kijivu. Inayong'aa inamaanisha mtu alipita hapo.

Kabla ya kulipa, pima pikapu kwa mita ya umeme bila kulehemua chochote. Chomeka waya wa gitaa, fungua volyumu na toni hadi mwisho, gusa ncha na shina la jeki upande wa pili. Stratocaster ya miaka hiyo isome kati ya omu 5,300 na 6,300 kwa kila pikapu. Ikisoma karibu 250,000, waya wa pikapu umekatika na unachopima ni volyumu yenyewe. Ikisoma sufuri, kuna shoti. Pikapu iliyokatika husukwa upya na ikalia vizuri, ila lipunguze hilo kwenye bei. Na mtu yeyote asizisukume zile sumaku sita kwa kidole: waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa juu yake moja kwa moja, na sumaku yenye kutu ikisogea huukata.

Nimepata Les Paul ya miaka ya 1970 kwa nusu ya bei, ila kichwa kiliwahi kuvunjika kikagundishwa. Nikimbie? – Msomaji, Kampala

Usikimbie. Kichwa cha Gibson kimelala kwa nyuma, mbao pale imechimbwa ili kupitisha nati ya chuma cha ndani ya shingo, na gitaa likianguka chali kichwa ndicho hugonga kwanza. Ndiyo maana yamevunjika mengi. Ufa mrefu uliofuata urefu wa mbao, ukagundishwa vizuri mara moja, hushika kwa miongo. Ufa mfupi uliokata shingo ni mbaya, na uliowahi kugundishwa mara mbili ni mbaya zaidi kwa sababu gundi ya zamani huizuia mpya isishike.

Mulika tochi kwa pembeni nyuma ya kichwa. Pitisha ukucha juu ya mstari: usikwame. Kisha kaza nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (sehemu za elfu za inchi) kwa sauti kamili na uliache gitaa usiku mzima. Asubuhi likiwa limeshuka sana kwenye tyuni, au mstari umefunguka hata kidogo, mrudishie mwenyewe.

Pima na shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 17, utazame nafasi juu ya freti ya 7: milimita 0.2 hadi 0.3 ni sawa. Kama ni kubwa, jaribu kukaza nati ya kile chuma cha shingo robo mzunguko tu. Nati iliyofika mwisho isilazimishwe, maana chuma kikikatika ndani, fundi atalazimika kuubandua ubao wa vidole.

Salaam. Pwani huku kila kitu kinashika kutu. Niyahifadhi vipi? – Msomaji, Mombasa

Kinacholiua gitaa ni unyevu unaopanda na kushuka kila siku: kutoka chumba chenye kiyoyozi hadi barazani, kisha kurudi. Liweke kwenye kasha gumu pamoja na pakiti za silika na kipima unyevu kidogo, ulenge asilimia 45 hadi 55. Futa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Vanishi ya nitroselulosi ya magitaa ya zamani huyeyuka ikigusana na raba za baadhi ya stendi, hivyo zifunge kwa kitambaa cha pamba. Volyumu inayokwaruza haitaki kubadilishwa: pulizia dawa ya kusafishia swichi, zungusha mara 30. Ukilazimika kutoa kipuri cha asili, kitie kwenye bahasha, andika kimetoka wapi, kihifadhi kashani.

Ninaishi Uingereza, nataka kurudi Dar es Salaam na Fender Jazzmaster ya 1963. Kuna tatizo? – Msomaji, London

Lipo, na ni la mbao. Ubao wa vidole wa gitaa hilo ni rozwudi ya Brazili, ambayo tangu 1992 imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Gitaa linalovuka mpaka linahitaji hati, hata likiwa mali yako ya kupiga. Omba mapema kwa mamlaka ya CITES huko uliko. Afueni iliyotolewa mwaka 2019 kwa ala zilizokamilika inahusu jamaa wengine wa mti huo, ukiwemo mpingo wetu. Rozwudi ya Brazili haimo.

Safarini, legeza nyuzi kidogo na uzibe nafasi chini ya kichwa ndani ya kasha. Ukifika, liache kasha limefungwa kwa muda wa saa sita au zaidi. Gitaa lililotoka kwenye baridi ya ndege likifunguliwa ghafla kwenye joto la Dar, vanishi hupasuka nyufa nyembamba mwili mzima. Na kama unakuja na amplifaya ya Marekani ya volti 120, nunua transfoma ya kushushia umeme kabla hujaichomeka, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.