Eti wanatoa samaki ziwani ili vyura warudi?

SWALI: Habari zenu hapo gazetini. Binti yangu anaishi California, kaniambia huko milimani wanavua samaki wote kwenye baadhi ya maziwa ili vyura warudi. Mi sijaelewa, mbona huku kwetu chura na samaki wanaishi bwawa moja miaka yote? Mama Zawadi, Morogoro.

JIBU: Shikamoo mama, binti hajakudanganya. Ni kwenye milima ya Sierra Nevada. Maziwa mengi ya juu kule hayakuwa na samaki kabisa, maporomoko ya maji yaliwazuia kupanda, ila kuanzia karne ya 19 watu wakaanza kupandikiza trauti, samaki wa maji baridi, ili wavue kwa starehe, mwanzoni walibebwa na nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi), baadaye ikawa ndege inapita juu ya ziwa inamwaga vifaranga vya samaki tu.

Sasa chura wa huko, yule mwenye miguu ya njano, hajawahi kuishi na adui wa namna hiyo. Huku kwetu viluwiluwi wengi wanageuka vyura ndani ya wiki chache, lakini wa kule kwa sababu ya baridi anabaki kiluwiluwi miaka miwili, mitatu, kwa hiyo kidimbwi hakimfai maana kitakauka au kuganda mpaka chini, lazima apate ziwa lenye kina, na lenye kina ndo hilo hilo walilojaza trauti! Anamezwa kabla hajaota miguu. Inaniuma sana hii, kiumbe amefungiwa kila mlango.

Kuwatoa kunasaidia kweli. Mtafiti Vance Vredenburg aliondoa trauti kwenye maziwa matano kati ya 1996 na 2003, vyura wakaongezeka kwa kasi, na ndani ya miaka mitatu wakawa sawa na maziwa yasiyo na samaki. Kazi kubwa inafanywa na nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki mashavuni, zinategwa na kutegwa tena mpaka aishe wa mwisho.

Samaki siyo tatizo pekee, kuna na kuvu wa ngozi ameua vyura wengi mno huko, na 2014 serikali ya Marekani ikawaweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Lakini Yosemite, hifadhi ya taifa iliyo kwenye milima hiyo hiyo, ambako waliacha kupandikiza samaki 1991, utafiti uliotoka 2016 ulikuta vyura wameongezeka kama mara saba ndani ya miaka 20, na kuvu bado yupo. Mwambie binti akipata nafasi aende akawaone.